Kosea Hapa

Jumatatu, 3 Machi

Nimehamishwa! Kwaherini vyoo vya ghorofa ya pili. Kuanzia leo mimi ni mpiga deki wa chumba cha mafunzo. Msimamizi wa usafi amesema nisijione, mwenzangu ameumia mgongo na hakukuwa na mwingine. Sijioni. Ila mlango ni mlango, hata ukisukumwa na upepo.

Chumba kiko mwisho wa korido, ghorofa ya chini ya hospitali hii ya watoto. Kitanda kimoja. Mashine kama za wodini. Kitandani amelala mtoto wa plastiki, ukubwa wa miaka sita hivi. Kifua kinapanda, kinashuka. Macho yanapepesa. Niliingia na ndoo yangu nikamsalimu. Kimya. Nikamwona hana adabu, mpaka nilipoona waya umemtoka ubavuni.

Kazi yake ni kufa. Anakufa mara nne kwa siku ili madaktari na wauguzi wajifunze kumrudisha wakiwa timu, bila kugongana wala kugombana. Wanamwita Hachoki. Mimi nimechoka kwa niaba yake.

Nyuma ya kioo cheusi anakaa Fundi. Yeye anatuona, sisi hatumwoni. Ana kiti cha kuzunguka na kikombe cha chai. Akibonyeza kitufe, mapigo ya Hachoki yanapotea. Akibonyeza kingine, Hachoki analia anataka mama, kwa sauti ya Fundi mwenyewe aliyebana pua. Hiyo ndiyo kazi! Kukaa! Na Fundi ameajiriwa moja kwa moja. Walioajiriwa moja kwa moja wana likizo. Sisi vibarua hatuna.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Binti yangu nilimwacha ana miaka minne. Sasa ana saba. Jana kwenye simu aliniita anko. Mama yake akamrekebisha. Akasema, "Shikamoo, anko baba."

Nimeweka nia. Kabla mwezi haujaisha nitakalia kile kiti.

Na Mungu si Athumani, leo leo amenionyesha njia. Saa mbili asubuhi nilikuwa nadeki chini ya kitanda, Fundi akaingia akisukuma mtungi wa oksijeni, akauacha kichwani mwa Hachoki, akaondoka akipiga mluzi. Nikautazama mshale. Sifuri! Mtungi mtupu, mtoto mgonjwa! Niliishia darasa la sita lakini sifuri naijua, nimeipata mara nyingi. Nikatoka kimya kimya, nikaleta mtungi uliojaa kutoka koridoni, ule mtupu nikauficha nyuma ya mapazia.

Timu ikaja, ikamwokoa Hachoki kwa dakika sita. Makofi. Nimefungua ukurasa wa nyuma wa daftari hili nikaandika: Kosa la Fundi, namba moja.


Jumanne, 4 Machi

Namba mbili! Fundi ameweka barakoa ya mtu mzima kwenye mfuko wa kupumulishia. Ingemfunika Hachoki uso mzima mpaka kidevu, hewa yote iende masikioni. Nikaitupa kwenye kabati, nikaweka ndogo.

Timu ya leo ni ya wauguzi wa wodi ya watoto wachanga. Nimewatazama nikiwa nafuta dirisha lile lile kwa dakika arobaini. Wana mtindo mzuri. Kiongozi anasimama miguuni pa mtoto, hashiki kitu, anaona tu. Akisema toa dawa, mwuguzi hasemi ndiyo, anairudia dawa yenyewe kwa jina na kipimo. Akishaitoa anasema imeingia. Hakuna neno linaloanguka chini.

Jioni nikaujaribu kwa mke wangu. Akasema kwenye simu niongee na mama yangu kuhusu shamba. Nikarudia: niongee na mama yangu kuhusu shamba. Akaniuliza kama nimelewa.

Ukutani kuna bango kubwa. KOSEA HAPA, USIJE UKAKOSEA KULE. Nalipangusa kila siku. Maneno mazuri, ila yanawahusu madaktari. Mimi kazi yangu ni sakafu.


Jumatano, 5 Machi

Sakafu yangu haikauki upesi. Inabidi nisimame kwenye kona mpaka ikauke, la sivyo nyayo zangu zitanishtaki. Ndiyo saa ninayoipenda. Jua la saa tatu linapita kwenye pazia jembamba, linalala juu ya maji. Ukitazama chini unamwona Hachoki kichwa chini, kama amelala chini ya ziwa tulivu. Shuu, kifua kinapanda. Shaa, kinashuka. Hakuna mtu. Hata mashine zinaongea kwa kunong'ona.

Nadhani nilisinzia nimesimama. Nikamwona binti yangu anatembea juu ya dari bila viatu, anahesabu hatua zake. Moja mpaka kumi na tano, anasimama, anavuta pumzi mbili, anaanza tena. Ndivyo timu wanavyohesabu wanapokandamiza kifua. Nikamwita ashuke. Akanitazama kama unavyotazama mtu aliyekosea nyumba.

Nilizinduka fagio lilipoanguka. Nikaenda nyuma ya mashine ya kufyonza makohozi, nikakuta mpira umechomoka. Namba tatu! Nikaurudisha, nikaufunga plasta mizunguko minne. Sasa hata tembo hachomoi.

Jambo jingine. Kuna utepe mrefu wa rangi. Wanautandaza kando ya mtoto toka utosini mpaka kisiginoni, na rangi inayoangukia kisiginoni inawaambia uzito wake na kipimo cha dawa. Hawana haja ya mizani. Nimeokota mmoja mkuukuu kwenye pipa, umechanika pembeni tu. Nikampigia mke wangu, nikamwomba ampime binti ukutani. Akalalamika kuwa chakula kiko jikoni. Kisha akampima. Sentimita mia na ishirini na mbili.

Nilipoondoka utosi wake ulikuwa sawa na kitasa cha mlango. Hiyo ni rangi nyeupe. Leo yuko rangi ya machungwa. Bluu yote ameivuka bila mimi. Hachoki yuko bluu, atabaki bluu mpaka wamtupe.


Alhamisi, 6 Machi

Namba nne, na hii imeniuma. Kile chuma chenye taa cha kuangalizia koo. Nimekibonyeza, hakiwaki. Betri zimekufa! Fundi huyu amekuwaje? Ana shida nyumbani? Timu iko mlangoni, inavaa glavu. Nikakimbia stoo, nikafungua redio yangu, nikatoa betri zangu mbili. Redio yangu! Ndiyo mwenzangu pekee tangu nije huku. Taa ikawaka kama nyota ya alfajiri.

Baada ya zoezi huwa wanakaa viti vya duara, wanaulizana nini kilikwenda vizuri. Bi Daktari, mkuu wa mafunzo, anasisitiza kuwa hapo halaumiwi mtu. Leo alikuwa anang'ata kalamu. Aliiuliza timu kama kuna kifaa kilichowasumbua. Hakuna. Kabisa? Kabisa. Akageukia kioo cheusi, akakitazama muda mrefu. Fundi akatoka nje, anajikuna kichwa, akaapa kwamba alikagua mwenyewe asubuhi. Alikagua nini, bwana wee! Nilikaribia kumhurumia.

Nilipopita dobi nikamsimulia Dada wa Kufulia mpango wangu. Akacheka mpaka akakalia furushi la mashuka. "Kaka, kitanda usichokilalia utawajuaje kunguni wake? Wewe kiti cha yule bwana unakijua?" Nikamwambia nakijua, ni cha kuzunguka. Akasema basi nikizunguke, nikiona kizunguzungu nisimtafute.

Wivu tu. Kesho napeleka daftari kwa Bi Daktari. Kesho!


Ijumaa, 7 Machi

Nataka kufa kama Hachoki, ila nisirudishwe.

Nilinyoa. Nikapiga shati pasi kwa chini ya sufuria ya moto. Saa nne nikabisha ofisini kwa Bi Daktari nikiwa nimekumbatia daftari. Fundi naye yumo! Vizuri, nikajisemea, ashuhudie. Nikasimama wima, nikasoma. Namba moja, mtungi mtupu, nimeubadilisha. Namba mbili, barakoa. Namba tatu, mpira. Nilipofika namba nne nikaeleza habari za redio, sauti ikanitetemeka kidogo, nikaona inafaa. Nikamaliza kwa kusema kwamba mimi, kwa darasa langu la sita, niko tayari kukaa nyuma ya kioo.

Saa ya ukutani ikapiga tak, tak.

Fundi ndiye aliyeanza. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alisema, "Kumbe ni wewe." Kisha akaweka paji la uso mezani.

Bi Daktari akanichukua mkono, akanipeleka chumbani, akanisimamisha mbele ya bango ninalolipangusa kila siku. Akaniomba nisome kwa sauti. Nikasoma. Akaniomba nisome tena, polepole. Nikasoma. Ndipo akanieleza. Mtungi ule waliutoa hewa makusudi. Barakoa waliibadilisha makusudi. Mpira na betri vile vile. Ni mitego. Wodini mtungi mtupu haukupigii hodi, kwa hiyo timu lazima ijifunze kukagua, kushtuka na kusaidiana, hapa, kwa mtoto asiyeumia. Timu nne wiki hii zimetoka na alama za juu na hazijajifunza kitu. Itabidi zirudi zote.

Nikauliza kama betri nitarudishiwa. Ulimi wangu huu!

Akasema kwa upole, "Baba, kuanzia leo futa sakafu. Usiguse kitu kingine. Hata ukiona moshi, niite mimi." Habari ya mkataba wangu hakuigusa. Jumanne Msimamizi anapeleka majina ya vibarua watakaobaki. Bi Daktari ndiye anayeandika la chumba chake.

Nimekwisha.


Jumamosi, 8 Machi

Nimelala mpaka saa sita mchana. Redio haina betri. Nimeitazama tu.

Nikampigia mke wangu, sikumwambia kitu. Nilisema mambo yako mbioni. Akajibu kwamba yamekuwa mbioni miaka mitatu, yangekuwa farasi yangeshafika. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka, nyumba inahitaji mtu. Nikauliza nyumba ina nini. Hamna, akasema, paa liko salama, lango linalia vile vile kama mbuzi. Nikaahidi nikifika tu nitalitia mafuta. Akasema neno kwa ukali, "ole wako" sijui nini, mtandao ukakatika.

Uliporudi akanipa habari njema. Binti hachelewi tena shule. Alikuwa anachelewa kila siku mpaka mwalimu akamwita mama yake, siku hizi anafika wa kwanza. Nikauliza amefanyaje. Akacheka, akasema amepata dawa yake, hiyo ni siri ya mtungi. Akampa binti simu. Binti akauliza kama huku nako kuna mwezi. Nikamwambia upo. Akauliza kama ni ule ule au kuna wa akiba. Nikamwambia nitaangalia.


Jumatatu, 10 Machi

Naandika mikono ikiwa bado inanukia nta.

Leo ni siku ya mtihani. Timu ya wodi ya dharura, watu watano, kiongozi wao Daktari Kijana mwenye shingo ndefu. Wakishindwa hawaruhusiwi zamu mpaka wafunzwe upya. Msimamizi alinitaka sakafu ing'ae kama kioo. Saa moja kamili nikaleta mashine ya kung'arisha sakafu. Nikatafuta soketi. Ipo moja tu nyuma ya kitanda, imejaa. Nikachomoa kilichokuwemo, nikachomeka changu, nikang'arisha. Nikapiga nta mara mbili. Ee, ilikuwa sakafu! Ukiitazama unaona mawingu ya dirishani yanapita chini ya kitanda cha Hachoki, naye anaelea juu yao kama anakwenda safari. Nilizungusha ile mashine polepole, huku na huku, nikijiona napalilia shamba la mwanga. Pengine nilipitiliza. Msimamizi akaniita kwa jazba, mtu amemwaga chai koridoni. Nikakunja waya wangu, nikatoka mbio.

Niliporudi nikasimama kwenye kona yangu, mikono nyuma, sigusi kitu. Nikazungusha macho tu. Na nikauona! Mtego! Plagi ya skrini ya moyo na ya Hachoki mwenyewe, iko chini sakafuni, imelala nyuma ya gurudumu. Imechomolewa! Skrini bado inawaka na Hachoki bado anapumua kwa betri za ndani, kwa hiyo hakuna anayejua. Nikamvulia Fundi kofia moyoni. Mtungi, barakoa, hiyo ni mitego ya kitoto. Hii ni kazi ya fundi kweli. Vidole viliniwasha, nikavifumbata. Nikajisemea, jifunze, mpumbavu. Safari hii usiguse.

Timu ikaanza. Mapigo yamepotea! Kandamiza! Kumi na tano, pumzi mbili. Dawa ikatajwa, ikarudiwa, ikaingia. Wanakwenda kama wimbo. Mara, pap. Skrini nyeusi. Kifua cha Hachoki kimya. Macho yamefumba nusu. Shingoni hamna kitu. Nyuma ya kioo nikasikia kiti kinaanguka.

Daktari Kijana akaikodolea macho skrini. Nilihesabu sekunde tatu. Mtu mmoja alianza kumlaumu mwingine. Ndipo huyu kijana akasema kwa sauti ndogo lakini kavu: tusitazame skrini, tumtazame mtoto. Usiache kukandamiza. Hesabu kwa sauti. Wewe, fuata waya mpaka ukutani. Mwuguzi mfupi kuliko wote akarudia, "Nafuata waya mpaka ukutani!" Akapiga magoti kwenye nta yangu, akateleza, akaenda kwa tumbo kama samaki mpaka chini ya kitanda. Tukasikia, "Umechomeka!" Taa. Hachoki akapepesa. Fundi, kwa sauti ya kubana pua iliyojaa machozi ya kweli, akasema anataka mama.

Nililia. Sijui kwa nini. Ni plastiki.

Kisha viti vya duara. Bi Daktari akasifu. Akasema hajawahi kuona timu ikishikana namna ile, na mtego ule haukuwa kwenye orodha yake, akamwuliza Fundi ameuwaza lini. Fundi akasema yeye alidhani ni wa Bi Daktari. Bi Daktari akasema si wake. Wakatazamana. Mwuguzi mfupi akainua mkono, akasema ile plagi ilikuwa inanukia. Inanukia nini? Nta. Na ina alama ya dole gumba.

Watu saba wakageuka kunitazama. Nikasema leo sikugusa kitu chochote, isipokuwa sakafu, na sakafu si kitu. Nikaitazama mikono yangu. Nikaikumbuka soketi.

Nikaona mkataba wangu unaelea, unakwenda zake.


Jumanne, 11 Machi

Niliitwa saa tatu. Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu. Nguo tatu, redio bubu, utepe wa rangi.

Bi Daktari alikuwa anafuta macho. Nikadhani kuna msiba. Kumbe alikuwa anacheka tangu jana. Akasema jana jioni alizunguka wodi zote, akakuta mara mbili mashine ya kung'arisha imechukua soketi ya kitanda cha mgonjwa. Mara mbili! Hakuna aliyewahi kuliwaza. Ameagiza kila soketi ya kitanda iwekewe kifuniko chekundu, na mashine za usafi zipewe soketi zao koridoni. Timu ya dharura imepita.

Halafu akaniambia jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kaburini. Wao madaktari wamekaa miezi na miezi wakibuni makosa, na yanafanana na makosa ya watu waliosoma. Hawana mtu wa kuwaonyesha makosa yanayotokea kweli. Ameandika jina langu kwa chumba chake, mkataba wa mwaka, wa moja kwa moja, msaidizi wa mafunzo. Nitakuwa nadeki asubuhi, na kwenye mazoezi nitakuwa baba wa mtoto, yule anayelia kwenye kona, anayeuliza maswali na kusimama njiani. Akasema nisifanye bidii. Nibaki nilivyo.

Na likizo? Nilimkatiza. Wiki mbili, kabla mkataba haujaanza.

Sikumbuki niliposimama. Najikuta tu niko dobi, namwambia Dada wa Kufulia kwamba nimepanda cheo kwa kipaji changu. Akauliza kipaji gani. Nikamweleza. Akakung'uta shuka. Akasema kweli riziki haina macho.

Jioni Fundi alinijia, akanipa betri mbili mpya kabisa. Akanipiga bega. Nimeelewa. Ananiogopa. Kiti chake nitakirudia mwakani.


Jumapili, 30 Machi

Nyumbani.

Basi lilinishusha mapema kuliko nilivyotarajia. Sikuwa nimetaja siku ya kufika. Mpango wangu ulikuwa huu: nisimame mlangoni kama mtu baki, niulize njia, nione kama binti atanijua mwenyewe bila kuambiwa. Mtego mdogo. Siku hizi ni kazi yangu.

Njia ilikuwa na ukungu mwepesi, miguu yangu haikusikika. Nikafika kwenye lango. Nikalisukuma kidogo. Likalia! Kama mbuzi, vile vile! Niliona aibu. Miaka mitatu, bawaba kavu, mke wangu anaishi na kelele hizo. Na mfukoni ninacho kichupa cha mafuta niliyoyachukua stoo. Nikasema dakika moja tu, ndipo nipige hodi. Nikachuchumaa, nikatia matone, nikafungua, nikafunga. Nikatia tena. Likanyamaza tuli.

Nikasikia pumzi juu ya kichwa changu. Mtoto mrefu. Meno mawili ya mbele yanaota. Ananitazama mimi, anatazama lango, ananitazama mimi. Akasema, "Mama kakataza kulitia mafuta. Anasema likilia ndiyo anajua mimi nimetoroka kucheza."

Mpango mzima ulinitoka. Akainamisha kichwa upande, akasema, "Na alisema baba akija, atalishika lango kabla ya kupiga hodi. Ndiye wewe?"

Nikarudia kama nilivyofundishwa. Ndiye mimi.

Akageuka, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Mama! Baba ameingia!"

Halikuanguka chini hata neno moja.

Mchana nilimlaza mkekani, nikatandaza utepe. Rangi ya machungwa, na kisigino kimesogea mbele kidogo. Akacheka anatekenywa. Nikamhesabia pumzi, shuu, shaa, mpaka akasinzia mkononi mwangu na jua miguuni. Mke wangu alinisema nusu saa nzima habari ya lango, kisha akaniwekea chakula. Nimemwahidi mbele ya mtoto kwamba sitagusa kitu tena humu ndani bila kuuliza. Nimejifunza, nikamwambia. Mimi sasa ni mtu wa mafunzo.

Wamelala wote wawili, usingizi wa mchana. Mimi naandika sebuleni. Nimelinganisha saa ya ukutani na simu yangu. Iko mbele dakika ishirini! Dakika ishirini nzima! Maskini hawa, mama na mtoto, wanaishi bila kujua saa, na kesho ni siku ya shule. Sitawaamsha kuwauliza. Kiti kipo hapa. Nakipanda sasa hivi, nairekebisha saa, kesho watashangaa wenyewe.